Kauri za Mlango wa LC-MS: Mwongozo Kamili wa Kukagua, Kusafisha na Kurudisha kwa Maabara za Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mashine ya LC-MS (kromatografia ya majimaji inayotenganisha kemikali za sampuli, ikiungwa na spektromita ya masi inayozipima) ikikataa kushika volti, au ishara ikianza vizuri asubuhi na kuzama kabla ya saa sita, usikimbilie kuagiza bodi ya umeme. Anza na vile vipande vyeupe vya kauri vinavyoshikilia mabamba ya mlangoni. Ni vidogo na hutoshea kiganjani, lakini ukiagiza kipya kutoka ng'ambo utasubiri kipite Dar es Salaam, kipite forodhani, kisha kisafiri kwa basi au ndege hadi Mwanza, na muda wote huo sampuli za sangara zinarundikana kwenye friza.

Kauri haizeeki kama o-ringi, ile pete ya mpira ya kuzibia. Ikileta shida, ama imechafuka usoni, ama imepasuka. Iliyochafuka utaitibu mwenyewe hapo hapo maabara. Iliyopasuka haina dawa. Kazi kubwa ni kujua una ipi mkononi, na ndiyo sababu sehemu ya vipimo hapa chini ni ndefu kuliko sehemu ya kusafisha.

Mlango ni upi, na kauri inafanya nini pale

Ndani ya spektromita ya masi ioni husafiri kwenye ombwe, kwa sababu zikigongana na molekuli za hewa hazifiki mwisho. Sampuli nayo inatoka kwenye kromatografia ikiwa majimaji, kwenye hewa ya kawaida. Mlango ni kile kipande cha katikati: sindano inayonyunyiza majimaji chini ya volti 3,000 hadi 5,000, bamba lenye tundu dogo au kapilari (mrija mwembamba) ya moto, kisha hatua mbili tatu za pampu zinazoshusha kanieneo hadi milibari 1 au 2, na mwishowe hadi kiasi cha sehemu moja ya laki moja ya milibari. Mnyunyizo huu wa umeme ndio uliompa John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002.

Bamba lina volti yake, kapilari ina yake, kila lenzi (chuma kinachoelekeza ioni kwa umeme, si kioo) ina yake, na mwili wa mashine umeunganishwa na ardhi. Vyote vinakaa milimita chache tu kutoka kimoja hadi kingine, na kinachovitenganisha ni kauri. Plastiki haiwezi kazi hiyo kila mahali: PEEK, ambayo ni plastiki ngumu kweli, huanza kulainika ikifika nyuzi 143 hivi, wakati hita za mlangoni hupelekwa nyuzi 300 hadi 500 na zaidi.

Kauri nyingi utakazokutana nazo ni alumina (oksidi ya aluminiamu), nyeupe au ya rangi ya pembe ya ndovu. Nyingine ni Macor, ambayo ni mchanganyiko wa kioo na mika, nyeupe pia. Kwa macho huzitofautishi, na tofauti yake ni muhimu sana ukifika kwenye asidi. Tumia mizani: pima uzito, kisha tumbukiza kwenye silinda ya vipimo yenye maji safi uone ujazo uliopanda, halafu gawanya. Alumina itakupa karibu gramu 3.9 kwa sentimita moja ya ujazo, Macor karibu 2.5. Ukipata namba nyingine kabisa, iache kama ilivyo na usiisage wala kuipiga msasa. Baadhi ya kauri za zamani za vifaa vya umeme ni oksidi ya beriliamu, na vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Dalili: umeme unavuja, au unarundikana?

Hapa mafundi wengi huchanganya. Kuna uchafu wa aina mbili, na matatizo yake yanapingana.

Uchafu unaopitisha umeme ukikaa juu ya kauri, umeme unavuja. Chumvi, jasho la vidole, kaboni ya mafuta yaliyoungua, na mikwaruzo ya chuma ni wa kundi hili. Utaona volti iliyosomwa haifiki volti uliyoiagiza, au mkondo wa sindano uko juu hata ukiwa hujaanza kusukuma majimaji. Hali huwa mbaya zaidi asubuhi yenye unyevu, hasa masika, kuanzia Machi hadi Mei.

Uchafu usiopitisha umeme ukikaa juu ya chuma, chaji inarundikana. Mafuta ya samaki yaliyokauka kwenye bamba au lenzi ndiyo hasa. Ishara huanza vizuri, hushuka taratibu ndani ya dakika chache, na ukizima volti kidogo au ukibadili kutoka chanya kwenda hasi inarudi, kisha inazama tena. Hapo kauri haina kosa. Safisha chuma kwanza, maana ukifungua kauri bila sababu unajitafutia ufa.

Dalili ya tatu ni mlio mkavu wa cheche, tak! tak!, ukiambatana na ishara inayoruka. Kwetu hili lina nyongeza yake. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza ina kanieneo pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi huruhusu cheche mapema zaidi. Mpangilio wa volti ulionakiliwa kutoka maabara ya pwani unaweza kupiga cheche hapa bila kauri kuwa na tatizo lolote. Shusha volti 300 hadi 500 kwanza uone. Upande wa hasi ndio mwepesi zaidi kupiga, na ndio tunaoutumia kutafuta kloramfenikoli, dawa ya antibiotiki, kwenye sato wa vizimba, kwa hiyo usishangae njia hiyo ikianza kulalamika kabla ya nyingine.

Kabla ya kushika bisibisi

Soma kitabu cha mashine yako. Mashine nyingine zina vali inayokuruhusu kutoa kapilari bila kupoteza ombwe, nyingine ukitoa bamba tu hewa yote inaingia na pampu ya tabo (turbo, ile ya ombwe inayozunguka kwa kasi kubwa) inaumia.

Andaa vitu hivi: glavu za nitrile zisizo na poda, elenki na bisibisi zilizosafishwa kwa methanoli, vibano vya plastiki, bika za kioo kadhaa, sahani za kioo zenye vifuniko, vijiti vya pamba vilivyosokotwa vizuri, lenzi ya kukuzia, simu ya kupigia picha, na mega. Nitaielezea mega mbele. Maji yawe yale ya daraja la juu ya maabara, ya megaomu 18.2. Maji ya bomba, hata yakichujwa, yana chumvi ambayo ndiyo adui wetu hapa.

Kisha fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Simamisha mtiririko wa kromatografia, zima volti na hita kwenye programu. Acha gesi ya naitrojeni iendelee kupita hadi mlango upoe chini ya nyuzi 50. Alumina ya moto ikiguswa na kijiti chenye methanoli baridi inaweza kupasuka hapo hapo. Mruko wa ghafla wa nyuzi 200 hivi unatosha kuivunja, na mvuke wa methanoli karibu na hita ni moto unaosubiri kuwaka.
2. Kama ni lazima kuondoa ombwe, tumia amri ya programu na usubiri pampu ya tabo isimame kabisa. Ingiza naitrojeni kavu badala ya hewa ya chumba. Kila unyevu utakaouingiza utalazimika kuupampu nje baadaye.
3. Zima swichi kuu, chomoa waya ukutani, na subiri dakika kumi hivi ili kapasita zimwage chaji.

Kama umeme umekatika ghafla na UPS imeisha, usisubiri urudi ndipo uingie maabara. Ziba tundu la mlango kwa kizibo chake mara moja. Pampu zikisimama, ombwe lililobaki linafyonza hewa ya chumba kupitia kapilari, na hewa ya kando ya ziwa haijawahi kuwa kavu. Pampu ya awali (ile inayoisaidia ya tabo) isiyo na vali ya kuzuia mafuta kurudi inaweza pia kutuma ukungu wa mafuta juu, na mafuta hayo utayaona baadaye kama rangi ya manjano kwenye kauri za ndani.

Kufungua

Piga picha kila hatua, ukiweka rula ndogo pembeni. Picha zitakusaidia kurudisha, na ukifika kwenye kuagiza kipuri zitakuwa na thamani kuliko maelezo yoyote ya maneno.

Legeza skrubu kwa mtindo wa msalaba, robo mzunguko kila moja, kisha rudia. Ukilegeza moja yote wakati nyingine zimekaza, bamba linainama na kuikandamiza kauri upande mmoja. Alumina hustahimili sana kubanwa lakini ni dhaifu ikivutwa au kupindwa, na ufa mwingi ninaouona umeanzia kwenye tundu la skrubu.

Usichokonoe kwa bisibisi ya chuma. Alumina ni ngumu kuliko chuma cha bisibisi, kwa hiyo ukiikwaruza, chuma ndicho kinachobaki juu ya kauri. Ule mstari wa kijivu unaouona ni chuma halisi, njia ya umeme uliyoichora mwenyewe. Penseli nayo ni hivyo hivyo, kwa sababu grafiti hupitisha umeme. Ukitaka kuweka alama ya upande wa juu, andika kwenye kifuniko cha sahani ya kioo, kamwe usiandike kwenye kipande.

Na foili ya jikoni iache jikoni. Aluminiamu ni laini, ikisuguana na kauri inaacha rangi ya fedha. Weka kila kipande kwenye sahani yake ya kioo.

Kutafuta ufa

Fanya hivi kabla ya kusafisha, maana hakuna faida ya kusafisha kilichokufa.

Kwanza angalia kwa lenzi chini ya taa ya pembeni, si ya juu. Ufa hujionyesha kwa kivuli. Chunguza kuzunguka kila tundu na kwenye kona za ndani.

Pili, paka isopropanoli kidogo kwa kijiti cha pamba na uangalie inavyokauka. Uso mzima hukauka kwa pamoja ndani ya sekunde chache. Penye ufa, mstari mwembamba mweusi hubaki umelowa baada ya sehemu nyingine kukauka, kwa sababu kimiminika kimejificha ndani. Mara nyingi mstari huo huonekana kwa sekunde mbili tatu tu, kwa hiyo usipepese macho wala usipulize.

Tatu, kama kipande ni pete au mrija mzima bila chuma, kining'inize kwa uzi safi na ukigonge taratibu kwa kijiti cha mbao. Kilicho kizima hulia, kilichopasuka hutoa sauti iliyokufa, sawasawa na mnunuzi anavyogonga chungu sokoni kabla ya kutoa hela. Kwa vipande vilivyoungwa na chuma kipimo hiki hakifai, maana chuma hubadilisha sauti.

Kona iliyomeguka mbali na njia ya umeme na mbali na uso wa kuzibia ombwe unaweza kuishi nayo. Ufa unaotoka tundu moja hadi jingine, hapana. Utajaa chumvi, na hutaweza kuutoa. Na tafadhali usiniambie habari za gundi ya haraka au ya epoksi ya dukani. Ndani ya ombwe hutoa mvuke kwa wiki kadhaa, na penye joto huungua na kuwa kaboni.

Kupima kwa mega

Mita ya kawaida ya mkononi hutuma volti chache tu na nyingi huishia kwenye megaomu makumi kadhaa. Ikikuonyesha "wazi" haijakwambia chochote kuhusu volti 4,000. Unahitaji mega, kile kifaa cha kupima uhami wa nyaya ambacho mafundi umeme wa majumbani na viwandani wanacho. Kama maabara haina, kuiazima mjini si kazi ngumu. Muulize mwenye nayo swali moja tu: "Fundi, hii inafika volti 1,000?" Zinazoishia 500 zinafaa kwa kauri za lenzi, si kwa za sindano.

Pima kipande kilichotolewa tu. Usiguse kabisa kilicho bado mashineni, maana volti 1,000 zitaingia kwenye bodi na hapo ndipo utakapohitaji bodi mpya kweli.

Weka kipande kwenye sahani ya kioo, bana pande zake mbili kwa washa (pete bapa za skrubu) safi za chuma cha pua mahali pale pale ambapo vyuma vya mashine hugusa, unganisha nyaya, bonyeza, subiri dakika moja, soma. Vaa glavu, na ukimaliza acha kifaa kimwage chaji kabla ya kushika.

Sasa namba. Tuseme kipande kinatenganisha sindano ya volti 4,000 na ardhi, na mega imesoma megaomu 100. Kwa macho ya fundi wa nyumba hiyo ni safi kabisa. Lakini 4,000 ukigawa kwa omu milioni 100 unapata mikroampea 40, wakati mnyunyizo wenyewe kwa kawaida hubeba chini ya mikroampea 1. Yaani kauri inakunywa umeme mara arobaini na zaidi ya ule unaofanya kazi. Ikisoma gigaomu 1, bado ni mikroampea 4. Kwa kipande cha sindano mimi sikubali chini ya gigaomu 10, na kipande kizuri kitafika mwisho wa kipimo cha mega. Kwa kauri ya lenzi yenye volti 100 hali ni tofauti: megaomu 100 hapo inavujisha mikroampea 1, na bodi nyingi huvumilia. Kwa hiyo usitumie kigezo kimoja kwa vipande vyote. Angalia volti ya mahali kipande kinapokaa, fanya hesabu, kisha amua.

Kuna jaribio moja dogo zaidi. Mega ikiwa inasoma, puliza pumzi ya mdomo juu ya kipande, mbali na nyaya. Namba itashuka kwa sababu ya unyevu. Kauri safi hurudi juu ndani ya sekunde chache. Ikikaa chini muda mrefu, kuna utando wa chumvi unaoshikilia maji, hata kama kipande kinaonekana cheupe kama unga wa sembe. Andika namba hizi daftarini, za kabla ya kusafisha na za baada.

Kusafisha

Anza na maji, si na methanoli. Chumvi za bafa (majimaji ya kudhibiti uasidi) na za mwili wa samaki huyeyuka kwenye maji. Ukianza na kiyeyusho cha kikaboni unazigandisha.

1. Weka kila kipande kwenye bika yake. Vipande viwili kwenye bika moja vitagongana ndani ya beseni la mawimbi ya sauti na kumegeana kona. Kama una kikapu cha plastiki, kining'inize ili kauri isikae chini kabisa.
2. Maji safi yenye asidi ya fomiki asilimia 1 (kwa Macor, maji matupu bila asidi), dakika 15 kwenye beseni. Mwaga, suuza, rudia kwa maji matupu.
3. Methanoli na maji nusu kwa nusu, dakika 15.
4. Isopropanoli, dakika 15. Kwa maabara za sangara, ambaye ana mafuta mengi, ongeza asetoni kabla ya hatua hii, ila tu kama kipande hakina plastiki wala gundi.
5. Maliza kwa methanoli ya daraja la LC-MS na usiguse tena bila glavu mpya.

Sabuni ya maabara iache, isipokuwa uchafu umekushinda kabisa. Sabuni huacha mabaki ambayo mashine itayaona kwa miezi, kile kirundo cha vilele kwenye grafu vinavyoachana kwa masi 44 ambacho kila aliyewahi kutumia LC-MS anakifahamu.

Ukimaliza na bado kuna madoa, yatambue kwa rangi. Kahawia au nyeusi ni kaboni. Kwa alumina tupu, isiyo na chuma kilichoungwa, gundi wala uzi wa hita, tanuru la maabara lile la kupimia majivu linaifuta kabisa: panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 550, kaa saa mbili, kisha zima na uache mlango umefungwa hadi kesho. Ukifungua tanuru likiwa moto kwa haraka ya kuona matokeo, utasikia mlio usioupenda.

Kijivu inayong'aa ni chuma kilichokwaruzwa. Kwa alumina tupu, loweka usiku mzima kwenye asidi ya nitriki asilimia 5 hadi 10, kisha suuza kwa maji mara tano au sita. Macor usiiweke kwenye asidi, huliwa. Na hili nalisema kwa sauti: asidi ya nitriki na methanoli, asetoni au isopropanoli visikutane kamwe, hata mabaki kwenye chupa ya taka. Mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Suuza kwa maji katikati, na weka chupa za taka mbalimbali zenye maandishi ya Kiswahili ambayo hata anayefanya usafi atayasoma.

Manjano hafifu kwenye kauri za ndani mara nyingi ni mafuta ya pampu, na asetoni inatosha. Msasa hapana, hata ule laini. Unaacha mikwaruzo ambayo uchafu unaofuata utaishika kwa nguvu zaidi. Poda ya alumina inayotumika kung'arisha lenzi za chuma nayo ibaki kwenye chuma, na isuuzwe yote, maana punje zake zikibaki zinarundika chaji.

Kukausha

Oveni nyuzi 120, saa mbili, kipande kikiwa kwenye sahani ya kioo iliyofunikwa nusu. Chenye gundi au plastiki kisizidi nyuzi 60, na kikae usiku kucha. Kisha kiingie kwenye desiketa (chombo kilichozibwa cha kutunzia vitu vikavu) kikiwa bado na uvuguvugu.

Kosa la kawaida ni kutoa kipande kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 na kukipeleka kwenye korido yenye joto na unyevu wa ziwani. Kinaloa umande papo hapo bila wewe kuona. Na kwa maabara zenye madirisha upande wa maji, funga madirisha siku zile wadudu wa ziwani wanapopaa kama moshi. Nimekuta bawa la mdudu limeungua juu ya pete ya kauri, na lile doa jeusi lilikuwa njia kamili ya umeme.

Pima tena kwa mega. Kama namba haijafika, rudi kwenye hatua ya maji. Usifunge kwa matumaini.

Kurudisha

Futa vyuma vinavyogusa kauri kwanza, na ukague o-ringi zote. Punje moja ya mchanga kati ya bamba na kauri inageuka kuwa ncha ya kupasulia.

Rudisha kwa mpangilio wa picha zako. Kaza skrubu kwa vidole hadi ziguse, kisha kwa elenki kwa msalaba, robo kwa robo, hadi mkono uanze kuhisi ukinzani. Ishia hapo, au kwenye nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu kama una spana ya kipimo. Sababu ya kutokaza sana ni joto: bamba la chuma cha pua la milimita 50 likipanda nyuzi 300 hurefuka kama milimita 0.25, alumina ya urefu huo hurefuka 0.12 tu. Tofauti hiyo ya zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita lazima ipate pa kwenda. Ukiwa umekaza kama nati ya gurudumu, itakwenda kwenye ufa.

Kuwasha

Anzisha pampu, usiwashe hita wala volti. Angalia kanieneo kikishuka. Kikisimama mapema juu ya kawaida yako, ama kuna mvujo ama kuna unyevu. Unyevu huendelea kushuka polepole kila saa, mvujo husimama pale pale. Ukiweza, acha pampu usiku kucha.

Asubuhi pandisha hita kwa hatua, nyuzi 100, 200, halafu ya kazi, dakika 20 kila moja. Kisha volti: 1,000, 2,000, 3,000, ukisoma mkondo kila hatua bila majimaji. Mkondo ukipanda kwa mruko, shuka, subiri nusu saa, jaribu tena. Ukipanda tena pale pale, fungua.

Mwisho ingiza kipimo unachokijua. Reserpini, kemikali yenye kilele kwenye masi 609.3 upande wa chanya, inafaa kwa mashine nyingi. Usitazame ukubwa wa ishara peke yake. Iache mashine ikimbie saa nzima na utazame kama mstari unalala sawa, halafu geuza upande wa hasi ufanye vilevile, maana kauri inayovuja kidogo hujificha kwenye chanya.

Kwa wenye ICP-MS na GC-MS

Maabara zinazopima zebaki na aseniki kwenye samaki na maji kutoka upande wa machimbo ya Geita hutumia ICP-MS (spektromita ya masi inayochoma sampuli kwa plazma, gesi ya moto sana yenye chaji), na huko koni za mlangoni ni nikeli au platinamu, si kauri. Kauri iko kwenye tochi, yaani mirija inayobeba plazma: mrija wa kati wa alumina, hasa kwa wanaotumia asidi ya haidrofluoriki, ambayo hula kwatzi. Chumvi hujijenga kwenye ncha yake. Loweka kwenye nitriki asilimia 5, suuza, kausha kabisa kabla ya kuwasha plazma.

Kwenye GC-MS, ile ya kromatografia ya gesi, kauri ndogo huzunguka filamenti (uzi mwembamba wa chuma unaopashwa moto). Zikipata rangi ya kioo cha kujitazamia, huo ni utando wa chuma kilichogeuka mvuke kutoka kwenye filamenti yenyewe, na viyeyusho havitautoa. Badilisha filamenti nzima.

Vipuri

Weka akiba ya seti moja ya kauri za sindano na za bamba la mbele pamoja na o-ringi zake. Kauri za ndani zaidi hazihitaji akiba, zinadumu. Ukipata wauzaji wa bei nafuu mtandaoni, dai maandishi ya usafi wa alumina, asilimia 99.5 au zaidi, na vipimo vya kila tundu, kisha kikifika kipime uzani na mega kabla ya kukifunga. Vipande vilivyoungwa na chuma nunua kwa mtengenezaji wa mashine tu, maana muungo mbaya unavuja ombwe mahali usipoweza kupaona.

Kwa dharura, Macor inaweza kukerezwa na fundi wa mashine za vyuma mwenye mkono mtulivu, kwa visu vya kawaida na maji mengi. Alumina inahitaji almasi, kwa hiyo usimpelekee. Mpe mchoro wenye milimita zote, mpe kipande kilichovunjika akishike, na mwambie asitumie mafuta ya kukatia. Kikirudi, kipitishe kwenye hatua zote za kusafisha isipokuwa za asidi, ile ya fomiki ikiwemo, ukianzia na asetoni.